Iliki Juu ya Bati

Koplo Donatus alikwisha kufukuzana na wezi wa ng'ombe wenye mishale ya sumu. Alikwisha kushinda kutwa ndani ya gunia ghalani ili amnase mwizi wa pamba. Fisi aliwahi kumkimbiza hadi akapoteza kiatu, na habari hiyo aliisimulia mwenyewe huku akicheka mpaka machozi. Kwa hiyo watu wa Shinyanga waliamini kwamba askari kanzu huyu haogopi kitu. Kumbe kipo kimoja, nacho ni ngazi.

Asubuhi ile ya Ijumaa, mwisho wa Februari mwaka 1954, ngazi yenyewe ilikuwa imeegemezwa kwenye ukuta wa nyumba ya Bwana Jashvant pale Ngokolo, ikimngoja.

"Panda, Koplo," alisema Bwana Jashvant, ambaye duka lake la vitambaa lilikuwa mbele ya nyumba hiyohiyo. "Ngazi imara. Ignas mwenyewe aliipanda."

"Ignas mwembamba," Donatus akajibu, akilishika tumbo. "Na tazama ilikompeleka."

Ilikuwa imempeleka rumande. Jumanne alasiri mvua ya mawe ilipiga mji kwa ghadhabu, kuku wakafa, mahindi yakalala chini. Jumatano asubuhi Bwana Jashvant akamwita Ignas, fundi wa mabati, akague kama paa limedhurika. Ignas akapanda, akakagua, akagongelea misumari kidogo, akashuka, akanywa chai jikoni, akaenda zake. Jioni ileile mke wa Jashvant, Vasanti, ambaye kila mtu alimwita Mama Nirmala, alipiga ukelele uliosikika hadi stesheni. Mkufu wa dhahabu alioachiwa na marehemu mama yake, mkufu ambao bintiye Nirmala angeuvaa siku ya kuolewa, haupo! Ulikuwa wapi? Ndani ya sefu, akasema, chumbani.

Sefu haikuvunjwa. Mlango haukuvunjwa. Ndipo Eustace, fundi cherehani wa kibaraza cha ng'ambo ya barabara, aliposema kwamba alimwona Ignas juu ya paa akiinama upande wa pili, akainuka kileleni na kitu cha manjano kinachong'aa, akakitia kwenye mfuko wake wa misumari. Na nani hakujua kwamba Ignas aliwahi kuchimba dhahabu Geita kabla ya kushika nyundo? Basi, mji ukahukumu palepale. Mtu wa dhahabu kaona dhahabu, kuna nini tena cha kuuliza?

Bwana Inspekta naye alikuwa na maelezo yake. Fundi amefumua bati, akashuka kwa darini, akaiba, akapanda, akalirudisha bati. Matobo akayasingizia mvua.

"Kapande," alimwambia Donatus. "Utenganishe tobo la mvua na tobo la mwizi. Saa sita mchana namfikisha kwa hakimu."

Na saa sita ile ndiyo iliyomkaba Donatus rohoni, kwa sababu kesho yake, Jumamosi, Ignas alikuwa afunge ndoa na Paskazia, binti wa Mzee Bujiku. Jumatano inayofuata ilikuwa siku ya Majivu, na padri alikwisha kutangaza kanisani kwamba Kwaresima hafungishi ndoa mtu, hata aje na machozi ndooni. Mzee Bujiku kwa upande wake alisema neno moja tu, akalisema mbele ya watu sokoni: "Sina binti wa kumngojea mfungwa mpaka Pasaka. Ng'ombe wake watarudi walikotoka."

Donatus alikuwa amepita rumande alfajiri.

"Ulitia nini mfukoni, Ignas?"

"Si mkufu, Koplo."

"Sikuulizi ambacho si. Nakuuliza ambacho ni."

Ignas akatazama miguu yake. "Nilimwapia mtu kwamba sitasema."

"Kesho harusi yako, mpumbavu wee!"

"Ndiyo maana siwezi. Kesho nitasimama mbele ya padri niape. Nikivunja kiapo leo kwa kuogopa kufuli, hicho cha kesho Paskazia atakiamini vipi?"

Donatus alitoka pale amekasirika sana, maana hakuna kitu kinachomkera mpelelezi kama mshitakiwa anayempenda.

Basi akapanda. Alipanda amefumba jicho moja, akiita watakatifu wote aliowajua. Alipofika juu, barabara nzima ilikuwa imekwisha kutoka nje kutazama.

"Koplo, huko mbinguni hawajambo?" mtu akapaza sauti.

"Ukianguka tutakuzika kwa heshima!"

"Cheka wewe," Donatus akajibu, ameng'ang'ania bati. "Nikianguka nitakuangukia wewe."

Alipokwisha kutulia, kazi ikamsahaulisha woga, kama kawaida yake. Alianza na upande wa barabarani, unaoelekea Mwanza. Mvua ya Jumanne ilitoka huko huko ikisukumwa na upepo, na mabati yalionyesha. Yalijaa vibonyeo vya mviringo, vidogo na vikubwa, vyote vimeingia kwa kulalia upande mmoja. Alivipapasa kimoja kimoja. Hakuna hata kimoja kilichotoboka.

Kisha akatazama misumari. Paa lilipakwa rangi nyekundu miaka iliyopita, na rangi ile ilifunika bati na vichwa vya misumari pamoja, ikakauka ikawa ngozi moja. Donatus alitambaa mstari kwa mstari akipitisha ukucha. Ngozi ya rangi haikupasuka popote. Misumari mipya ilikuwa pembeni tu, juu ya kibaraza, mahali ambapo mwizi akishuka ataangukia barabarani.

"Bwana Jashvant!" akaita.

"Niambie! Bati langu limetoboka?"

"Limebonyea, halikutoboka. Wala hakuna lililofumuliwa. Mtu hakuingia kwako kwa juu."

Bwana Jashvant alianza kufurahia bati, kisha akakumbuka mkufu, akaacha. "Sasa aliingia wapi?"

"Hilo ngoja kwanza."

Akavuka kileleni, akaketi miguu huku na huku juu ya kofia ya paa, watu wakashangilia kwa vigelegele. Upande wa pili ulielekea uani, jikoni kulikojengwa peke yake ng'ambo ya ua. Huku upepo haukuleta mawe. Mabati yalikuwa laini, hayana hata kovu. Angeweza kushuka akasema amemaliza. Lakini Donatus alilelewa na bibi aliyemfundisha kutafuta jiwe kwenye mchele unaoonekana safi.

Akaliona. Kibonyeo kimoja peke yake, karibu na katikati ya paa. Hiki hakikuwa cha mviringo. Kilikuwa na ukingo uliopinda, kimekata rangi hadi kwenye bati tupu, na juu ya bati hilo palikuwa na mkwaruzo wa manjano. Chini yake vikafuata vibonyeo vingine hafifu, kimoja baada ya kingine, vikishuka kuelekea kwenye gata, ule mfereji wa bati unaopeleka maji ya mvua kwenye tangi.

Kitu kimeanguka hapa, kikabiringika. Kitu kizito, cha chuma au shaba. Na hakikutoka mbinguni.

Akajivuta kwa makalio hadi ukingoni, akatia mkono kwenye gata. Majani. Tope. Manyoya ya njiwa. Kisha vidole vyake vikagusa kidude kidogo kimevimba kwa maji. Akakitoa, akakinusa. Akatia mkono tena, akatoa kingine.

"Bwana Jashvant!"

"Naam!"

"Mvua ya Jumanne ilinyesha mawe matupu?"

"Mawe tu, Koplo. Makubwa!"

"Haikunyesha iliki?"

"Koplo," Bwana Jashvant akasema kwa upole, "shuka. Jua limekuwa kali."

Alishuka. Jinsi alivyoshuka tuache, yeye mwenyewe hakupenda ikumbukwe.

Kabla hajaingia uani alivuka barabara kwa Eustace. Fundi cherehani alikuwa ameinamia mashine yake. Nyuma yake lilining'inia gauni jeupe la harusi, limekwisha hadi kifungo cha mwisho.

"La Paskazia?" Donatus akauliza.

"La nani tena? Nimelikesha. Sasa watu wananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemfunga bwana harusi." Eustace alikuwa karibu kulia. "Koplo, nilisema nilichokiona tu."

"Nakuamini. Niambie tena. Kile kitu alikishika vipi? Kwa ncha za vidole, kikaning'inia?"

Eustace akafikiri, akainua mkono wake hewani. Vidole vikajikunja kama vinashika bilauri. "Hapana. Alikishika hivi, kwa kiganja kizima. Na alipokitia mfukoni, mfuko ulishuka kwa uzito."

"Mkufu hauwezi kushusha mfuko wenye nyundo ndani."

"Hauwezi," Eustace akasema polepole, macho yakimtoka.

"Mbona hukuyasema haya?"

"Bwana Inspekta aliniuliza kama kiling'aa. Kiling'aa! Sikuulizwa uzito."

Donatus akampiga begani. "Lipige pasi hilo gauni."

Jikoni alimkuta Philomena, mjane wa Segese aliyempikia Mama Nirmala tangu Nirmala hajaota meno. Alikuwa akichambua dengu.

"Mwangaluka, mayu," Donatus akamwamkia Kisukuma, kama mwana amwitavyo mama yake.

"Mwangaluka, baba. Karibu. Nasikia ulikuwa juu unatembea kama paka."

"Kama paka mwenye mimba. Nipe maji ya kunywa."

Alipogeuka kwenda mtungini, Donatus akatupa macho kwenye rafu. Palikuwa na makopo ya bizari, pilipili, bizari nyembamba, na mwisho wa rafu kinu kidogo cha shaba cha kutwangia viungo, kinene, kizito, cha ukubwa wa bilauri. Akakichukua. Kilijaa iliki mpaka juu. Akakigeuza kwenye mwanga wa mlango. Ukingo wake ulikuwa na jeraha jipya, na ndani ya jeraha imenasa rangi nyekundu.

Philomena akarudi na kata ya maji, akaona kinu mkononi mwa askari. Maji yakamwagika.

"Mayu," Donatus akasema bila kupandisha sauti, "bibi yangu, mvua ya mawe ikizidi, alikuwa akirusha mchi uani. Alisema mvua ikiona mchi inakumbuka kwamba watu wanataka kula, inaona haya. Kwenu Segese mnarusha nini?"

Mama wa watu akaweka kata chini. Kisha ujuzi ukamshinda, akashindwa kuuacha uongo upite.

"Mchi? Mchi unasaidia nini? Mchi ni mtoto! Kwetu tunarusha kinu. Kinu ni mama, na mvua humwogopa mama. Tena hakirushwi chini, kinarushwa juu, mvua ikione kabla haijafika."

"Na kinu cha mbao ni kizito."

"Hakiinuki, baba. Mawe yanapiga, bati linalia, naona nyumba inakwisha. Hiki ndicho kilichokuwa karibu. Nikafumba macho, nikakirusha juu. Kikasema ng'waa! juu ya nyumba kubwa."

"Mvua ikafanyaje?"

"Ikakoma!" akasema Philomena kwa fahari, na wote wawili wakaangua kicheko hadi dengu zikatikisika ungoni.

"Sasa kikanasa kwenye gata," Donatus akaendelea, akipangusa macho. "Ukashindwa kukitoa. Kesho yake Ignas akapanda kukagua paa, akakikuta, akakitia kwenye mfuko wa misumari, akakuletea hapa kwa siri."

"Nilimwapisha. Nilimwambia apa kwa kaburi la mama yako! Maana mvua ya mwaka juzi nilirusha sufuria, likaenda likapasua dirisha, na Bwana aliniambia nikirusha kitu tena nirudi Segese. Nina watoto, Koplo. Nikakipangusa kinu, nikakijaza iliki nyingine, nikakirudisha." Uso wake ukabadilika. "Kwani Ignas amefungwa kwa habari ya kinu?"

"Alionekana akikitia mfukoni. Akiulizwa ni nini, anasema ameapa."

Philomena akaachia ukunga. "Yesu na Maria! Siku zote hizi nadhani wana ushahidi wa sefu! Mtoto wa watu anaoza kule kwa ajili yangu!" Akafungua aproni, akaitupa juu ya meko. "Twende. Nifunge mimi. Twende sasa hivi!"

"Kaa kwanza, mayu. Kinu kimepatikana. Mkufu je?"

Akaita wenye nyumba. Walipofika sebuleni, Bwana Jashvant akijipepea, Mama Nirmala akiwa amejifunika mtandio mpaka machoni, Donatus akauliza swali dogo sana.

"Ufunguo wa sefu hukaa wapi?"

"Hapa," Bwana Jashvant akapiga kiuno. "Kwenye kamba. Hautoki hata nikioga."

"Hata ukilala?"

"Hata nikifa, Koplo, watanichoma nao."

"Basi, Mama Nirmala, mkufu uliutia kwenye sefu kwa ufunguo gani?"

Mama Nirmala akautazama mlango, akamtazama mumewe, akaitazama sakafu. Bwana Jashvant akaacha kujipepea.

"Siri ya mtungi aijuaye kata," Donatus akasema taratibu. "Lakini leo siri hii ikinyamaza hadi saa sita, msichana mmoja atavuliwa gauni kabla hajalivaa. Nirmala wako naye anangojea siku yake, mama. Ulikuwa wapi mkufu?"

"Kwenye kinu," akanong'ona.

"Nini?" mumewe akaruka.

"Kwenye kinu cha shaba! Chini ya iliki!" Sasa sauti ikapanda yenyewe. "Sefu ndiyo ya kwanza kutazamwa na mwizi. Mama yangu alikuwa akificha kwenye kinu, bibi yangu pia. Nani ataiba kinu? Uliniambia nikupe uweke kwenye sefu, nikakuambia umo, hukuuliza umeingiaje, nami nikaogopa kusema kweli. Jumatano nikakuta iliki zimejaa na mkufu hamna. Nikasema huyu mwizi ana akili sana, hata iliki amerudisha! Nikamkumbuka fundi alikunywa chai pale..."

"Iliki nilirudisha mimi, mama," Philomena akasema mlangoni. "Sikujua kilikuwa na dhahabu. Nilikirusha juu kuzuia mvua."

Wanawake wawili wakatazamana. Miaka yote hiyo jikoni moja, kila mmoja akimficha mwenzake jambo lake katika kinu kilekile. Mama Nirmala alianza kucheka kwanza, kicheko cha machozi, akamshika Philomena mabega.

"Miaka ishirini," Bwana Jashvant akasema, "nalala na chuma kiunoni, kumbe dhahabu iko kwenye chai!"

"Ilikuwa kwenye kinu," Donatus akasema. "Kinu kilipindukia juu ya bati. Iliki mbili tatu zikanasa kwenye gata, nimezikuta. Mkufu haukunasa. Mawe yakayeyuka, maji yakausukuma. Gata linamwaga wapi, Bwana?"

Wote wakageukia mlango wa uani kulitazama tangi la bati lililosimama pembeni mwa ua, limejaa mpaka shingoni.

"Hapana," Bwana Jashvant akasema. "Koplo, hapana. Hii Shinyanga! Maji haya ni mpaka Agosti!"

"Baba Nirmala," akasema Mama Nirmala. Alimwita tu, hakuongeza kitu. Bwana Jashvant akashusha pumzi, akaenda mwenyewe kufungua bilula.

Habari ilienea Ngokolo kabla ndoo ya kwanza haijajaa. Maji ya bure! Wanawake wakaja na ndoo, mitungi, masufuria, hata makarai ya kuogeshea watoto. Wakapanga mstari uani, wakaanza kuimba nyimbo za kupalilia pamba, maji yakimwagikia miguu. Paskazia alikuwa miongoni mwao, macho yamevimba, hajui anachoteka. Donatus akatuma askari kituoni na ujumbe kwa Inspekta: mkufu u karibu kuonekana, mlete mtuhumiwa, kuna kazi anayoiweza yeye tu.

Hayo yalikuwa kweli kwa nusu. Mdomo wa tangi ulikuwa mwembamba, na tumbo la Donatus lilikwisha kujaribu.

Ignas akaletwa amefungwa pingu, Bwana Inspekta mwenyewe nyuma yake akitazama saa. Mzee Bujiku alikuja pia, fimbo mkononi, akasimama mbali kidogo kama mtu aliyepita njia tu.

Philomena akamkimbilia Ignas. "Nimesema mwenyewe, mwanangu. Nimekufungua kiapo. Sema!"

"Kilikuwa kinu, Koplo," Ignas akasema, akicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatano.

"Asante kwa msaada wako," Donatus akamjibu, akimfungua pingu. "Vua shati. Ingia tangini. Maji yamekwisha, limebaki tope. Utafute mkufu kama unavyojua."

Ignas akaingia, wakamshushia karai. Wanawake wakaacha kuimba. Ndani ya tangi ikasikika sauti ya maji yakizungushwa ndani ya karai, shwa, shwa, shwa, mzunguko mmoja taratibu baada ya mwingine. Waliowahi kufika Geita waliitambua. Ndivyo mchanga wa dhahabu unavyooshwa, tope jepesi linatoka juu, kizito kinabaki chini.

"Ule uchimbaji wake," Eustace akanong'ona, "si ndio tuliomfungia?"

Mzee Bujiku alikuwa amesogea, amesogea tena, sasa sikio lake lilikuwa limegusa bati la tangi.

Shwa, shwa. Kimya. Kisha ukasikika wimbo. Ignas alikuwa anaimba mle ndani, wimbo wa wachimbaji wanapoona mng'aro, na tangi likaikuza sauti yake mpaka ikajaa ua mzima. Mkono ukachomoza mdomoni mwa tangi, umepakaa tope hadi kwapani, na kutoka kwenye ngumi ukaning'inia mkufu.

Jamani, vigelegele! Mama Nirmala aliupokea kwa mikono miwili, akaubusu na tope lake. Paskazia aliangusha ndoo. Bwana Inspekta akaitazama saa, akaitia mfukoni, akasema kwa sauti kavu kwamba mtuhumiwa hana shitaka, na jeshi linamtakia harusi njema. Ignas alipotoka, uso mweusi kwa tope na meno meupe, Mzee Bujiku alikuwa wa kwanza kumfikia.

"Ng'ombe wako," mzee akasema, akakohoa. "Ng'ombe wako wanalala kwangu. Mtu anayekaa kifungoni kwa kutunza siri ya mjane, nimpe nani mwingine binti yangu? Nisamehe, mkwe."

"Shikamoo, baba," Ignas akasema, akiinama.

"Marahaba. Kaoge."

Kesho yake walifunga ndoa misheni, Kwaresima ikiwa bado inapiga hodi mlangoni. Gauni la Eustace lilisifiwa hata na masista. Bwana Jashvant alileta doti za khanga, na Mama Nirmala, akiongozana na Philomena, alimkabidhi bibi harusi kinu cha shaba, kimesuguliwa kikameta, jeraha lake la ukingoni likiwa palepale.

Walikuwa katikati ya ngoma uwanjani pale wingu lilipojikusanya upande wa Mwanza. Upepo ukaja na baridi. Kokoto ya kwanza nyeupe ikalia juu ya bati la kanisa, ikafuata ya pili, kisha nyingi. Watu wakakimbilia barazani. Philomena alikitazama kinu mikononi mwa Paskazia. Kisha akamtazama Mama Nirmala, akafumba mdomo kwa adabu.

Mama Nirmala akakitwaa. Akakipindua chini juu, akakitikisa. Akaingiza kidole akapapasa hadi chini kabisa. Aliporidhika, akarudi hatua nyuma, akafumba macho, akakirusha juu kwa nguvu zake zote.

Ng'waa!

Padri akalitazama paa la kanisa lake. Kisha akageuka polepole kumtafuta Koplo Donatus, lakini Donatus alikuwa amekwisha kuchukua kofia yake na anavuka uwanja mbio, mawe yakimpiga kichwani, akicheka.